Mingi, Kidogo na Wengine: Kutoka Daftari la Bunia

Kiswahili cha mtu wa Tanga hakifichiki Bunia. Sokoni, mbele ya mama muuza nyanya, nilisema, "Mama, naomba chache." Akamtazama jirani yake, wakacheka kidogo pasipo ubaya, kisha akauliza: "Papa anataka kidogo ao mingi?" Nikajibu kidogo. Akanihesabia sita, akaongeza ya saba bila kuombwa. Chache yangu hakuna aliyeiokota.

Nilikuja kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Mwenyeji wangu anafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari upande wa Mudzipela, na wanafunzi wake humwita prof, cheo ambacho kwetu Tanzania mtu hukisotea miaka chuo kikuu na pengine asikipate. Mimi nahariri vitabu vya Kiingereza vya shule za kwetu. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiandikiana juu ya sura moja inayowasumbua wanafunzi wa pande zote mbili: ile ya maneno ya idadi na kiasi, yaani many, few, some, all, none na ndugu zao, yanapoachiwa sentensi peke yao na kushika kazi ya kiwakilishi. Vitabu huipa sura hiyo ukurasa mmoja, vikaweka mazoezi ya kujaza nafasi, vikasonga mbele. Nilitaka kuisikia ikifundishwa mahali ambapo Kiswahili chenyewe huhesabu kwa namna nyingine.

Kutoka Entebbe ni safari fupi kwa ndege ndogo. Unavuka Ziwa Albert, ukingo wa milima unapanda ghafla upande wa Kongo, kisha unaona mabati ya mji. Wapo wanaopita Arua na Mahagi kwa barabara, na wapo wanaovuka kwa mashua hadi Kasenyi, lakini barabara ya Mahagi ina siku zake mbaya na prof alinikataza. Jimbo la Ituri, lenye mji wa Bunia, liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Mgeni huliona hilo kwanza kwenye vizuizi, ambako askari hutumia Kilingala, na Kilingala nacho kina neno mingi lenye maana ileile. Askari akisema mingi, hujui amesema lugha gani mpaka neno la pili litoke.

Niandike kwanza jambo lenyewe lilivyo, maana baadaye litachanganyika na mengine.

Mwingereza husema many students came, na akitaka huondoa wanafunzi akabaki na many came. Mtu wa pwani hufanya vivyo hivyo: wanafunzi wengi walikuja, wengi walikuja. Kwa macho ni mambo mawili yanayofanana. Lakini wengi amevaa sare ya ngeli yake, na hata akitembea peke yake njiani unajua ni wa shule gani. Ukisikia wengi, ni watu. Vingi ni vitu. Mengi ni mambo, ndiyo maana twasema "amesema mengi" na hakuna anayeuliza mengi gani. Pengi ni mahali. Methali ya "wengi wape" haikumtaja mtu hata mmoja na imeeleweka miaka yote hiyo. Many ya Kiingereza haina sare. Imesimama pale, na msikilizaji ndiye anayerudi nyuma sentensi moja au mbili kutafuta ni many ya nini. Ikiwa hakuna kitu nyuma, desturi yao ni kudhani ni watu. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Tanga anayeandika he said many, akiwa na mengi kichwani, husahihishwa kwa wino mwekundu wala haelewi kosa: kwake neno limekamilika, kwa mwalimu limekatika. Angepaswa kuandika much, au a lot, au many things.

Sasa Bunia. Hapa ni batu mingi, nyumba mingi, siku mingi, maji mingi, feza mingi. Batu iko mingi. Sare imevuliwa. Simaanishi kwamba hawaijui: mhubiri Jumapili husema wengi, na Radio Okapi, ambayo tangu 2002 hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, husoma habari kwa Kiswahili chenye ngeli zake. Mtu yuleyule akifika nyumbani, mingi inarudi. Kidogo nayo imemeza chache yote, kama nilivyoonja mbele ya nyanya. Ingine hutosha kwa kitu cha pili cha aina yoyote, ingawa kwa watu nilisikia pia bengine, na bote kwa wote.

Watu wa kwetu wakisikia hivi hukimbilia kusema Kiswahili cha Kongo kimeharibika. Kauli hiyo nimeisikia Dar es Salaam, hata kwa watu wenye shahada, na naiona ya uvivu. Kiswahili kilifika pande hizi karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara wa Zanzibar na watu wao, waliojiita Wangwana, na kwa jina hilo lugha yenyewe ikaitwa Kingwana. Mvumbuzi Stanley alipotokea kwenye Ziwa Albert Desemba 1887, baada ya kuukata msitu wa Ituri, wapagazi wake wengi walikuwa wa Zanzibar. Kisha ikaja dhahabu ya Kilo na Moto, machimbo yaliyokusanya vibarua kutoka kila upande. Na tazama ni lugha gani zilizokutana. Kihema, Kibira na Kinande ni za Kibantu, zina ngeli. Kilendu na Kingiti ni za jamii ya Kisudani cha Kati, Kialuri ni cha Kiniloti. Wasemaji wa hizi tatu hawakuzaliwa na habari ya wa-, vi-, ma-. Tena mipaka ya lugha na ya kabila haifuatani: Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu. Kwa watu wa namna hiyo kukubaliana neno moja, mingi, litakalomtosha kila mtu sokoni na machimboni, naona ni busara ya mahali. Wanaisimu Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamekiandikia Kiswahili cha Bunia makala yake yenyewe, wakakitazama kama lugha yenye mwenendo wake.

Nilipoingia darasani kwa prof nilikuwa na dhana moja: kwamba mwanafunzi wa Bunia ana safari fupi kuliko wa Tanga. Mingi ni kama many, neno moja lisilobadilika, linalotegemea muktadha. Kwa umbo, dhana hiyo ilisimama. Wanafunzi wa prof hawaulizi kama many hubadilika mbele ya vitu na mbele ya watu. Wetu huuliza kila mwaka.

Ila kuna upande wa hesabu. Kiingereza hutenganisha vinavyohesabika na visivyohesabika: many na much, few na little. Kwenye wingi, Kiswahili chote, cha pwani na cha bara, hakimsaidii mtu: watu wengi, maji mengi, batu mingi, maji mingi. Kwenye uchache, pwani ina msaada ambao sikuwahi kuuona mpaka nilipokaa kwenye dawati la nyuma Mudzipela. Sisi twasema watu wachache lakini maji kidogo. Mwanafunzi wa Tanga ana few na little kichwani mwake tangu utotoni, kwa majina mengine. Nikikumbuka daftari nilizosahihisha, makosa ya much yalijaa na ya little yalikuwa haba, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Bunia, ambako batu ni kidogo na maji ni kidogo, prof huanza few na little kutoka sifuri. Na wa Tanga wana bahati nyingine ya ajabu: wakiambiwa kwamba maji huchukua much na watu huchukua many, huliona kuwa ngeli fulani ya Kizungu, wakaikariri kama wanavyokariri ki-vi. Wa Bunia huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini neno moja halitoshi.

Prof hakuwa na haja na nadharia yangu. Alikuwa na Kifaransa.

Hapa ndipo darasa la Bunia lilipoanza kunifurahisha, kwa sababu lina lugha ya tatu ya kukanyagia. Aliandika ubaoni chaque, akaandika kila chini yake, akaandika every. Akasema, hivi vitatu havitembei peke yao. Huwezi kusema chaque alikuja, wala kila alikuja, wala every alikuja. Chaque ikitaka kusimama huwa chacun. Kila huita mmoja au mtu. Every huita one. Halafu akaandika each kando, akasema huyu tu ndiye anayeweza kwenda na mtu na anayeweza kwenda bila mtu. Ilichukua dakika tatu. Katika kitabu nilichohariri mimi jambo hilo lina aya mbili na jedwali, na bado every walikuja na every alifurahi hujaa kwenye mitihani. Hatujawahi kuwaambia watoto wetu kwamba kila yao ina kilema kilekile.

Lakini Kifaransa kina ushuru wake. La plupart imewazalia the most of people, na beaucoup de imewazalia many of people, makosa ambayo Tanga hayapo, kwa kuwa hakuna Mtanga anayesema wengi wa watu. Prof huyaita makosa ya mzungu wa kwanza akimsahihisha mzungu wa pili.

Somo lililofuata lilikuwa none, na hapo lugha zote za mji zilikaa upande mmoja dhidi ya Kiingereza.

Aliandika None came. Akataka Kiswahili chake. Msichana mmoja wa mbele akasema: "Hakuna mutu alikuja." Sawa. Prof akafuta Kiingereza, akaacha Kiswahili, akawaomba warudi walikotoka. Madaftari mengi niliyoyachungulia yalikuwa na None did not come. Kwa Mwingereza hiyo ni habari tofauti kabisa: hakuna ambaye hakuja, yaani walijaa wote.

Nimeona kosa hilo Tanga, Moshi na Dodoma, na nafikiri ndilo gumu kuliko yote katika sura hii. Kiswahili hakina none. Tuna moja, kumi na elfu, tuna wengi na wachache, lakini sifuri yetu hatujaifanya kiwakilishi; tumeipa kitenzi aibebe. Hakuja hata mmoja. Hakuna aliyekuja. Kiingereza hufanya kinyume: kitenzi kinatulia katika ukubali wake, sifuri imekaa mbele kwenye kiti cha mtenda. Mtoto wetu akiandika none anahisi bado hajakanusha, kwa hiyo anakanusha. Nilidhani Kifaransa kingemsaidia wa Bunia, kumbe nacho kinadai ne yake hata pale personne au aucun wamekwisha kusema la. Na Kilingala hufunga sentensi kwa te. Pande zote kuna ukanushaji kwenye tendo, halafu inakuja lugha inayosema sifuri alikuja, na mwanafunzi anaambiwa ni rahisi.

Prof aliwafanya wahesabu. Ten came. Five came. One came. None came. Akishuka namba moja moja, kitenzi kikiwa palepale bila kuguswa. Nilinakili mteremko huo kwenye daftari, nao utaingia katika toleo lijalo la kitabu chetu, akiniruhusu.

Nje ya darasa, sura hii ina uzito mwingine, na mji wa Bunia unaujua kuliko miji mingi.

Neno wengine lina nyuso mbili. "Wengine walikimbia, wengine walibaki": wa kwanza ni some, wa pili ni others. Zikitajwa pamoja hakuna tatizo. Lakini mtu akisema tu "wengine walikimbia", amesema nini? Kwamba baadhi yao walikimbia? Au kwamba wale waliosalia, mbali na tuliokwisha kuwataja, walikimbia? Kiswahili cha vitabu kina baadhi ya kuamulia, ila katika mazungumzo ya Bunia neno hilo sikulisikia nje ya redio na mahubiri. Kiingereza hakikuruhusu kubaki katikati. Some, others, the others: lazima uchague moja, na ukichagua umeongeza habari ambayo msemaji huenda hakuitoa.

Uchaguzi huo umefika hadi mahakamani. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilifungua uchunguzi wa uhalifu uliotendwa Ituri. Kesi yake ya kwanza kabisa, ya Thomas Lubanga, ilianza kusikilizwa The Hague Januari 2009 na hukumu ikatolewa 14 Machi 2012. Ikafuata ya Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo juu ya shambulio la Bogoro la 24 Februari 2003. Katanga akatiwa hatiani 2014, Ngudjolo akaachiwa 2012. Kisha Bosco Ntaganda, aliyetiwa hatiani 2019. Lugha za kazi za mahakama hiyo ni Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi wa Ituri walizungumza Kiswahili cha Kongo kupitia wakalimani. Fikiria basi mtu ndani ya kibanda cha vioo, vipokea sauti masikioni, shahidi akisema bengine, na yeye ana nusu pumzi ya kuchagua. Katika kesi za namna hiyo, idadi ya waliokuwepo na nani aliyekuwa miongoni mwao ndiyo kesi yenyewe.

Na shahidi pengine alilichagua neno hilo makusudi. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, kutaja kabila mbele ya mgeni Bunia si jambo jepesi. Nilisikiliza mazungumzo mengi barazani, kwenye magari, kwenye foleni ya benki. Kuna bengine, kuna bale ba kule, kuna batu tu. Niliyekaa nao walijua barabara ni nani wanaosemwa. Mimi sikujua, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kiwakilishi cha idadi hapa ni adabu, tena ni kinga. Kwetu pwani twamwita mtu fulani tukitaka kumsitiri. Hapa wanasitiri umati. Sidhani kama kuna kitabu cha sarufi kitakachoeleza matumizi hayo, na sijui ningeyaweka katika zoezi la ngapi.

Kiingereza chenyewe Bunia kinaongezeka, na si kwa ajili ya mitihani. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wamekuwepo tangu 2003 pamoja na ajira zao za ukalimani. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wafanyabiashara wa Ituri, ambao bidhaa zao nyingi hutoka Kampala, hawakuhitaji mkataba kujua faida ya Kiingereza. Halafu kuna waliovuka ziwa. Vurugu za mwanzo wa 2018 zilipeleka makumi ya maelfu ya watu Uganda, wengi wakaishia kambi ya Kyangwali, na watoto wao wakaingia shule ambako masomo mengi ni kwa Kiingereza. Waliorudi wana Kiingereza cha sikio. Kijana mmoja wa hao alinialika kazini kwake, shirika la misaada, ambako huandika taarifa kuhusu kambi za wakimbizi wa ndani, Kigonze ikiwamo. None came kwake haina shida; haijui kwa sarufi, anaijua kama anavyojua njia ya kwao. Few na a few alinieleza vizuri kuliko mimi: ukiandika few received food, wafadhili wa Geneva hushtuka, ukiandika a few received food, huona kazi imeanza. Herufi moja, na malori yanaweza kuja au yasije. Alisema hivyo akicheka, lakini taarifa ya wiki iliyopita aliisoma mara mbili mbele yangu.

Siku hiyo alikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja kambini. Familia zilizofika usiku zilikuwa zimegawanyika, na mama alimaliza kwa kusema bengine walirudi kwao asubuhi. Kijana aliandika Some went back. Akasita. Akairudia sauti. Kama ni some, kambini bado kuna familia zinazohitaji turubali. Kama ni the others, hakuna aliyebaki katika kundi lile na turubali ziende kwingine. Hakuniuliza mimi, na alifanya vyema. Alichukua simu akapiga.

"Mama, bengine gani?"

"Bale bengine," mama akajibu kwa sauti niliyoisikia hadi nilipokaa, kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Bote."

Kijana alishukuru, akakata simu, akafuta Some, akaandika The others all went back. Kisha akanigeukia, maana nilikuwa mtu wa vitabu, akauliza kama hapo all ikae kabla ya kitenzi au baada yake.